Daraja la Jumapili Mchana

Jumamosi asubuhi duka la miwani lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Wazee wameketi kwenye benchi refu wakisubiri kupimwa macho, kinamama wamesimama mbele ya kioo wakijaribu fremu moja baada ya nyingine na kuzirudisha mahali pasipo pake. Kwenye kaunta ya mwisho, ile ya matengenezo, alikaa binti wa miaka ishirini na saba. Alivaa koti jeupe la kazi juu ya gauni la rangi ya udongo, na mikono ya koti aliikunja mara mbili ili isilowe maji ya jiwe la kusagia lenzi. Kucha zake fupi, safi. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na alama ya wino ambayo haikutoka hata akiisugua kwa sabuni, kwa sababu kila lenzi kabla haijasagwa lazima itiwe nukta pale mboni ya jicho itakapokaa. Alikuwa na sauti ya chini. Ukitaka kumsikia sharti uiname, na mtu akishainama hutulia mwenyewe.

Akaingia kijana mrefu wa ovaroli la buluu. Mkono mmoja umeshika miwani iliyokatika vipande viwili, mkono wa pili unapapasa hewa kama anatafuta swichi ya taa.

"Samahani, dada," akamwambia mzee aliyekaa mwisho wa benchi, "hapa ndipo mnapotengeneza?"

"Dada yuko mbele yako, mwanangu," mzee akamjibu. "Mimi ni babu yako."

Benchi zima likacheka. Kijana akaomba radhi, akasogea mbele kwa kupapasa mpaka akaigusa kaunta, akaweka vile vipande juu yake taratibu, kama anaweka yai.

"Imekuwaje?" binti akauliza.

"Nimeikanyaga."

"Hilo naliona. Ilikuwa chini inafanya nini?"

"Nilikuwa juu ya paa la treni."

Binti akaacha kuigeuzageuza fremu. "Unafanya kazi ya reli?"

"Mimi fundi wa lifti. Treni yenyewe ni ya kwenye gemu." Akajikuna shingo. "Handaki lilikuwa linakuja, mtu wangu alitakiwa ainame. Na mimi huku kwenye kiti nikainama. Miwani ikaanguka. Kisha yeye akaruka behewa la pili, na mimi nikaruka."

"Ukatua juu yake."

"Nikatua juu yake. Lakini picha ilitoka nzuri sana, dada."

Binti hakucheka kwa sauti, mabega tu yalitikisika. Akamwambia aegemee kaunta, atazame mbele asipepese, akampima kwa rula ndogo umbali wa kutoka mboni hii hadi mboni ile. Fundi alikuwa na macho makubwa yenye kope ndefu, macho ya mtu asiyejua kuficha anachowaza. Kinywa chake ndicho kilichokuwa kinaficha, lakini hilo binti alikuja kulijua baadaye.

"Humo kwenye gemu mnapigana risasi tu?" akamuuliza huku akiandika vipimo.

"Hatupigani. Tunaigiza. Zile filamu za mapigano tulizokuwa tunaziangalia tukiwa wadogo, tunazicheza upya humo ndani, picha kwa picha. Anayeshinda ni yule aliyeshinda kwenye filamu. Sasa tuna mpango wa ile ya askari mstaafu anayekwenda kumtoa mwanamke ngomeni, na daraja linalipuliwa."

"Yule mwanamke anayekataa kuondoka," binti akasema. "Shangazi yangu alikuwa na kanda yake. Nimeiangalia mpaka ikachakaa, zikabaki sauti bila picha."

Fundi akaitazama ile sura ambayo kwake ilikuwa ukungu mtupu, na akatamani sana miwani yake.

Aliichukua Jumanne. Binti akamvalisha mwenyewe, akakaza skrubu ya bawaba, akaipinda kidogo mikono ya miwani kwa hewa ya moto, akamvalisha tena. Fundi akatazama mbele na kumwona kwa mara ya kwanza: paji la uso pana, mwanya, alama ya wino kidoleni.

"Unaona?" binti akauliza.

"Naona."

"Soma basi ule ubao."

"Ubao upi?" akasema, na hakuwa anatania.

Wiki tatu zikapita kabla hajapiga simu, na alipopiga alianza kwa kuuliza eti lenzi husafishwa kwa kitambaa cha aina gani.

"Nilikuambia siku ile," binti akasema. "Cha pamba. Umenipigia kwa ajili ya kitambaa?"

"Hapana. Mke wa Mwalimu amejifungua."

"Hongera zake. Mwalimu ni nani?"

"Ni mwenzetu. Mkewe ndiye alikuwa anacheza wanawake wote. Sasa hana nafasi. Dereva, mwenzetu mwingine, akajaribu kumwigiza yule mwanamke wa ngomeni kwa sauti nyembamba, tukashindwa hata kumaliza kwa kicheko. Nikasema labda wewe, kwa kuwa filamu unaijua."

"Sijawahi kushika bunduki."

"Hushiki. Wewe ni mateka."

"Ahaa," binti akasema. "Umenitafutia kazi nzuri."

Gemu yenyewe, kwa asiyeijua, ni ya vita. Kila mtu hukaa kwake na kompyuta yake, na kwa njia ya intaneti wote hukutana ndani ya mji wa kuchorwa, kila mmoja na mtu wake anayemtembeza na silaha zake. Wengi huingia humo kuuana. Hawa walikuwa wanafunga chumba chao wenyewe, mgeni asiingie, kila Jumapili saa nane mchana wakishakula. Mwalimu, aliyefundisha hesabu, hakushika bunduki. Alielea juu kama mwewe akirekodi, yeye ndiye kamera. Dereva wa lori alikuwa adui katika kila filamu, na hakuna aliyejua kufa kama Dereva. Akipigwa risasi moja alianguka ngazi nzima. Fundi wa lifti ndiye aliyepanga nani asimame wapi, na wenzake walimwita Mwongozaji, mwanzoni kwa kumkejeli, kisha likawa jina.

Sheria ilikuwa moja, na Mwongozaji aliitunga mwenyewe. Akisema "kanda inazunguka", mpaka atakaposema "kata", hakuna mtu kutamka neno lake. Maneno ni ya filamu tu. Mwenzako akisahau au akichanganya, usicheke, usimsahihishe, usimuulize. Wewe toa jibu lako kama lilivyo, Mwalimu atakata na kuunganisha baadaye. Sababu ilikuwepo. Daraja la kwenye gemu hulipuka mara moja. Likishaanguka lazima wafunge chumba, waanze upya, na Dereva ayalete magari yake manne kutoka ng'ambo, moja moja.

Jumapili ya kwanza binti aliivunja sheria hiyo. Dereva alipigwa risasi juu ya ghala, akabiringika, akagonga mapipa, na katikati ya kimya kile cha kifo ikasikika sauti ya chini ikisema, "Pole."

"Kata. Nani kasema pole?"

"Mimi. Ameanguka vibaya."

"Shemeji," Dereva akasema toka chini ya mapipa, "mimi ni adui. Nimeua kijiji kizima."

Walimtania kwa hilo mwezi mzima. Dereva alikuwa kila akimpigia anaanza na "pole". Binti alicheka nao, lakini ni mtu wa kazi ya vipimo, hapendi kuharibu kitu cha mwenzake. Akaweka nadhiri moyoni kwamba hataharibu picha ya watu tena.

Na mapenzi yakaingia kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Kila Jumatano saa saba fundi alifika dukani na vyakula viwili ndani ya mfuko, wakala chumba cha nyuma katikati ya visanduku vya lenzi, magoti yanakaribiana. Alikuja amenawa mpaka kwenye viwiko, lakini harufu ya grisi ilibaki, na binti akaanza kuipenda harufu hiyo bila kumwambia mtu. Jioni walipigiana simu.

"Umekula, kipenzi?" fundi akauliza siku moja.

"Umesema nani?" binti akauliza.

"Nimesema umekula?"

"Katikati hapo."

"Hapo mtandao ulikatika."

Ndivyo alivyokuwa. Maneno ya watu wengine yalimtoka kama maji ya bomba: angekuapia, angekuaga, angekulilia mtoni kwa sauti ya askari mstaafu. Yake mwenyewe yalikwama. Shangazi, mkunga mstaafu aliyemlea binti tangu akiwa na miaka sita, alimsikia siku moja kwenye kompyuta akimwambia mateka kwamba bila yeye dunia ni jangwa.

"Huyo ndiye fundi?" shangazi akauliza.

"Ni maneno ya filamu, shangazi."

"Na ya kwake yako wapi?"

"Yanakuja."

"Mimi nimezalisha watu miaka thelathini," shangazi akasema, akiikunja nguo iliyokauka. "Kuna yanayokuja yenyewe, na kuna ya kusaidiwa."

Mwezi wa nane barua ikaja. Kampuni ya lifti ilikuwa imepata kazi katika mji mwingine, siku nzima kwa basi: hospitali mpya, lifti ishirini na mbili, na walimtaka fundi akazisimike na kuziangalia kwa miezi kumi na minane. Ajibu kufikia Jumanne. Fundi akamsomea mama yake barua ile mara mbili.

"Kuna mtu wa kukuzuia?" mama akauliza.

"Sijui."

"Hujui au hujauliza? Kama yupo, muulize. Kama hayupo, niambie nikupangie nguo."

Jumatano alikaa na binti chumba cha nyuma, akakoroga chakula chake bila kula. Binti akamuuliza kama anaumwa. Akasema usingizi tu. Alikuwa na barua mfukoni, na kila alipofungua kinywa alizungumzia daraja: walikuwa wamejaribu mara mbili, na mara zote mbili gari la tatu la Dereva liliteleza likaingia mtoni.

"Safari hii litatoka," binti akamwambia, na kumpangusa punje ya chakula kwenye ndevu. "Mimi kwa upande wangu siharibu."

Jumapili hiyo shangazi alikuwa amelala kidogo chumba cha pili, dirisha wazi, jirani anafua. Binti alikaa mbele ya kompyuta na gauni lake la nyumbani la maua, spika za masikioni zimemziba masikio. Mwanamke wa kuchorwa amesimama langoni mwa ngome. Askari wa fundi yuko mwanzoni mwa daraja, hatua sita mbele yake. Ng'ambo, magari manne ya Dereva yamewasha taa.

"Kanda inazunguka," Mwongozaji akasema.

Magari yakaanza kuja. Kwenye filamu, hapo askari anasema: Daraja linaondoka, unakuja au huji? Mwanamke anajibu: Nenda, hapa hakuna kinachokungoja. Askari anageuka, anakimbia, anaruka, nyuma yake panakuwa moto.

Askari hakusema hivyo. Alisema, "Nimeitwa mbali. Ukiniambia nibaki, nitabaki. Wewe sema tu."

Amesahau, maskini, binti akawaza. Gari la tatu lilikuwa limepita salama pale lilipotelezea. Baruti imeshawaka chini ya nguzo. Wote wameshika pumzi, na yeye aliweka nadhiri.

"Nenda," akasema, kwa sauti ile ile ya filamu. "Hapa hakuna kinachokungoja."

Askari akabaki amesimama. Moto ulitembea kwenye nguzo ya kwanza, ya pili. Kisha sauti ikasema, "Sawa. Nimesikia," na daraja likaanguka pamoja naye.

Hapakuwa na "kata".

"Mwongozaji?" Dereva akaita. "Kaanguka nalo. Kwenye filamu anavuka."

"Ametoka chumbani," Mwalimu akasema. "Labda intaneti ya kwake. Kata."

Binti akampigia simu. Iliita mpaka karibu kukatika.

"Vipi, umepotea?"

"Niko sawa. Kichwa kinauma."

"Daraja limetoka vizuri?"

"Limetoka."

"Niliogopa nisikuharibie."

"Hukuharibu kitu," fundi akasema polepole. "Ulisema vizuri. Ulisema wazi kabisa."

Binti akakata simu akiwa amefurahi.

Jumanne fundi alitia saini. Jumatano saa saba binti alitandaza gazeti juu ya visanduku, akaweka vijiko viwili, akangoja mpaka saa nane, akakirudisha kijiko kimoja ndani ya kikombe. Simu yake haikupokelewa. Ujumbe ukaja jioni: "Kazi nyingi." Yeye aliyezoea kusoma herufi ndogo kabisa za ubao, alisoma maneno hayo mawili mara nyingi sana na hayakumwambia kitu.

Alhamisi Dereva akampigia toka barabarani, injini inanguruma nyuma yake. Safari hii hakuanza na "pole".

"Shemeji, unamfungia mtu wako nini? Manake nasikia keshokutwa ndiyo anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

Dereva akapunguza mwendo. "Hajakuambia?"

"Nakuuliza anakwenda wapi."

Dereva akamwambia: mji, hospitali, miezi kumi na minane. Binti akamshukuru, akasimamisha jiwe la kusagia, akakaa akiwa ameshika lenzi ya mtu mkononi. Miezi minane ya kula pamoja, na habari ya safari anaipata kwa dereva wa lori. Basi kama ameonekana hastahili kuambiwa, hatajipeleka. Usiku ujumbe wa fundi ukaja: "Nakutakia kila la heri." Naye akajibu: "Na wewe. Safari njema." Kila mmoja akausoma wa mwenzake na kuona kwamba alichodhani ni kweli.

Shangazi hakuhitaji kusimuliwa. Alimwona anakula mkate mkavu akiwa amesimama.

"Mtu hakimbii bila kufukuzwa," akasema. "Umemfukuza?"

"Sijamwambia hata neno baya."

"Basi kuna kitu kimeanguka kati yenu na hamjakiona. Muulize. Kuuliza si ujinga."

"Aulize yeye. Mimi sina swali."

Na huo ungekuwa mwisho wake, kama si Mwalimu. Ijumaa asubuhi, kipindi chake cha mapumziko, wanafunzi wanapiga kelele uwanjani, akampigia binti dukani.

"Samahani, dada. Nahariri lile daraja nimekwama. Nisikate wapi sijui, nikate wapi sijui. Nakuomba usikilize kitu."

"Mwalimu, sina moyo wa daraja leo."

"Sikiliza tu. Dakika moja haifiki."

Akaisogeza simu kwenye kompyuta. Mwalimu alikuwa ametoa milio yote, moto, magari, risasi, zikabaki sauti za watu peke yake. Binti akasikia: Nimeitwa mbali. Ukiniambia nibaki, nitabaki. Wewe sema tu. Haikuwa sauti ya askari. Siku ile kishindo kilikuwa kimeifunika. Sasa aliisikia ilivyo, sauti ya mtu aliyekaa chumba cha nyuma na barua mfukoni. Akasikia mate yakimezwa. Kisha akajisikia yeye mwenyewe, wazi kabisa, bila kutetemeka. Nenda. Hapa hakuna kinachokungoja.

Baada ya hapo kimya. Pumzi tu za mtu. Kimya kirefu. Sawa. Nimesikia.

"Nimepima," Mwalimu akasema. "Baada ya jibu lako, sekunde kumi na moja. Mimi ni mtu wa hesabu, mambo ya moyo siyajui. Lakini mtu hasimami juu ya baruti sekunde kumi na moja kwa sababu amesahau maneno."

Binti alikuwa ameshavua koti. Akakumbuka kwamba yuko kazini, akalivaa tena, akamwomba mwenzake wa kaunta ya pili amshikie nafasi, akatoka nalo hivyo hivyo.

Jengo ambalo lifti yake fundi aliikagua kila Ijumaa lilikuwa mitaa minne mbele, la ofisi, ghorofa tisa. Mlangoni mwa lifti kimening'inizwa kibao: INATENGENEZWA. Akapanda ngazi. Wanawake wa viatu virefu walikuwa wanateremka navyo mkononi. Bwana mmoja mnene amekaa ghorofa ya tano na faili mapajani, anajipepea. Ghorofa ya tisa palikuwa na ngazi nyembamba ya chuma, na juu yake chumba cha mota. Fundi alikuwa amepiga magoti, anapitisha kitambaa kwenye kamba za chuma, moja moja, akitafuta uzi uliokatika. Miwani yake imelegea mkono wa kulia.

Akamwona. Akasimama, akagonga kichwa kwenye bomba.

"Nani kakuambia niko huku?"

"Watu wa ngazini. Kila ghorofa wanakutaja, na si kwa wema." Binti alikuwa anahema. "Uliniuliza Jumapili."

Fundi akatazama kitambaa chake. "Na ulinijibu."

"Sikukujibu wewe. Nilimjibu askari."

Kamba za chuma zilikuwa zinatikisika kidogo, kisha zikatulia.

"Nilidhani umesahau maneno," binti akaendelea. "Sheria inasema nini mwenzako akisahau?"

"Jibu lako kama lilivyo."

"Na sheria ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi umenifunga kinywa kwa mkono wako, halafu ukaniambia sema. Mtego huo, sio swali."

"Nilijua kama unanitaka utaivunja. Mara ya kwanza uliivunja kwa ajili ya Dereva."

"Na mkanicheka mwezi mzima. Unajua nilivyokuwa nimejibana Jumapili ile nisikuharibie? Kwa sababu ni kazi yako na unaipenda. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakutaka mimi. Wewe ukangoja niharibu ndipo uamini."

Fundi akakaa juu ya sanduku la vifaa. Alipozungumza, maneno yalitoka moja moja, kama ya mtu anayetua mzigo.

"Nilikuogopa. Nikikuuliza kwa maneno yangu ukikataa, umenikataa mimi. Nikasema pale, hata akikataa, atakuwa amekataliwa yule wa kwenye filamu. Lakini yule amelala zake. Aliyekosa usingizi wiki nzima ni mimi."

Binti akasogea. Akamvua miwani, akatoa bisibisi ndogo ya mfuko wa koti, akakaza skrubu ile iliyolegea, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Akamvalisha.

"Niulize sasa."

"Nimeshatia saini."

"Sijauliza saini. Niulize."

"Nibaki?"

"Hapana."

Fundi akainamisha kichwa.

"Inua uso, sijamaliza. Hospitali ina lifti ishirini na mbili. Wagonjwa watapandishwa na nani, na mimi? Ungeniuliza Jumatano tukila, ningekuambia vivyo hivyo, nenda. Lakini ningeongeza. Filamu ile ndiyo iliyonikatia maneno."

"Ungeongeza nini?"

"Kwamba sikuzuii na sikuachi. Na kwamba usiondoke mjini kama mtu aliyeiba. Leo saa kumi uje nyumbani, shangazi akuone, uje na mama yako. Useme mwenyewe."

Toka chini sauti ya yule bwana mnene ikapanda ngazi. "Fundi, bado?"

"Bado kidogo, mzee," fundi akajibu, bila kumwondolea binti macho.

Saa kumi alasiri alifika. Shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka mistari ya mikunjo inasimama. Viatu vinang'aa, soksi mpya. Mama yake alivaa gauni la kijani kibichi la kutokea na kilemba cha rangi hiyo hiyo, mkoba ameukumbatia kifuani. Shangazi akawakaribisha, akawamiminia chai, akaulizia afya, mvua, jirani wa kule kwao, kama watu wenye wiki nzima mbele yao. Binti alikaa ukingoni mwa kiti karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa amebadilisha nguo mara tatu na kurudia ile ya kwanza.

Chai ikaisha. Mama yake fundi akakohoa, akasogeza mkoba.

"Sisi tumekuja, dada yangu, kwa sababu huyu kijana wetu..."

"Mwache, mama," shangazi akasema kwa upole. "Wewe umeshamzaa, kazi yako imetosha. Hii aseme mwenyewe."

Fundi akakiweka kikombe chini. Kikagonga sahani. Akasimama, akaona kusimama ni makosa, akakaa.

"Shangazi, mimi kuongea sijui," akasema. "Naondoka kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Miezi kumi na minane. Huko nitakuwa nakaa na mafundi wenzangu, sina mtu. Ninataka..." Hakuna aliyemsaidia. "Ninataka nikirudi, nirudi kwake. Sio kumtembelea. Nirudi, niishi naye, awe mke wangu. Kama atakubali. Na kama atakubali, ninaomba nimpigie kila siku, na nikipata likizo nije hapa kwanza. Nina wasiwasi atachoka kunisubiri. Na nina wasiwasi kwamba hapa nimesema vibaya."

Shangazi akamtazama muda mrefu, jinsi alivyozoea kuwatazama watoto wachanga kabla hajawakabidhi kwa mama zao. Kisha akamgeukia binti.

"Umemsikia mwenyewe. Una la kumjibu?"

"Ninalo, shangazi," binti akasema kwa ile sauti yake ya chini, na wote watatu wakainama kumsikia. "Lakini ni refu."

"Basi vuta kiti ukae vizuri," shangazi akamwambia, akilichukua birika kwenda kuongeza maji. "Safari yake ni kesho."